Mchanga Uliooshwa Mara Saba

Mwezi uliopita nilikwenda kununua mche wa asumini kwa muuza miche mmoja kando ya barabara, hapa Mombasa ninakoishi. Akafungua gunia la udongo mweusi anaouagiza bara, udongo wa kinamasi, umelowa na unanuka majani yaliyooza. Niliinama kuutazama, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimerudi nyuma hatua tatu, mikono imekumbatia kifua kana kwamba nimebeba kitu. Muuza miche akaniuliza kama nimeumwa na mdudu. Nikamwambia ndiyo, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kumweleza. Mwanamke wa umri wangu, mwenye miwani na cheo chake ofisini, hawezi kusimama barabarani akamwambia mtu kwamba anaogopa udongo.

Wenzangu mliokulia visiwani mtanielewa upesi. Udongo wa namna ile sisi hatuna. Pate ni mawe, chumvi, magofu na vishamba vya tumbaku vilivyopandwa katikati ya magofu. Harufu zetu tunazijua: tumbaku inayokauka, papa wa kuanika, udi wa Alhamisi. Harufu ya kinamasi iliingia nyumbani kwetu siku moja, ndani ya gunia la mwalimu, na tangu siku hiyo mimi na usingizi tukagombana.

Mwalimu mwenyewe alikuwa Madam Naliaka. Alikuja na mashua ya abiria, akashukia Mtangawanda na masanduku mawili, godoro na hilo gunia. Alikuwa Mkristo wa bara, kutoka upande wa milima ambako alisema asubuhi mtu akipumua hutoa moshi, nami nikadhani ananitania. Alifundisha hesabu na sayansi madarasa ya juu. Baba, ambaye siku nyingi alikuwa kazini Amu, yaani Lamu mjini, alimpangisha chumba cha uani, chenye mlango wake na kufuli lake. Mama alimpenda tangu wiki ya kwanza, maana alikuwa mcheshi na hakuogopa kukaa chini na kuparura nazi. Nami nilimpenda. Nalisema mapema ili msije mkadhani nilimchukia.

Kilichotuchekesha kwake ni ngeli. Alisema "kitabu yangu" na "mtoto hii", na wanawake wa mtaani wakamcheka usoni, naye akacheka nao. Mama aliniruhusu kumsahihisha. Nilikuwa na umri wa miaka saba na nilijua Kiswahili kuliko mwalimu. Hebu fikirini kiburi nilichokuwa nacho.

Siku alipofungua gunia aliniita nitazame. Alitoboa mkebe wa siagi kwa chini, akaujaza ule udongo mweusi, akausimamisha ndani ya sinia lenye maji. Maji alimwomba Mama kutoka jabiani, kwenye birika letu la kukingia mvua, kwa sababu ya kisima alisema yana chumvi na chumvi ingewaua. Sikuelewa ingemuua nani. Kisha akafungua Biblia yake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Ndani mlikuwa na vumbi jeusi, kidogo mno, nikadhani ni ugoro.

"Usipumue," akaniambia. "Hizi ni mbegu."

Aligonga karatasi kwa ncha ya kidole na vumbi likaangukia udongo. Hakulifukia. Alisema mbegu hizi zinataka mwanga, ukizifukia zinalala moja kwa moja. Akafunika mkebe kwa kioo cha fremu ya picha iliyovunjika, akauweka dirishani. Aliniambia kwamba karibu na kwao palikuwa na kinamasi ambako mimea hii ilijaa alipokuwa mtoto, na kwamba sasa kinamasi kimekaushwa, pamepandwa mahindi, na karatasi ile ndiyo iliyobaki. Nilikuwa mtoto, halikunigusa. Mimi nilitaka kujua zitaota nini.

Akaniambia zitaota mimea inayokula nyama. Nikauliza nyama gani. Akasema yoyote: mbu, inzi, sisimizi. Nikauliza kama wanakula na watu, na Madam akacheka kile kicheko chake kilichosikika mtaa wa pili.

"Watu? Wakiwapata, mbona waache?"

Alikuwa ananitania tu. Lakini niliyatia maneno yale moyoni yakakaa.

Zilichukua wiki nyingi, nikakaribia kusahau. Kisha asubuhi moja udongo ukawa na vidoti vya kijani, vidogo kuliko kichwa cha pini, na kila kidoti kikaanza kutoa vijani vyenye nywele nyekundu, na kila nywele ina tone la umande ambalo halikauki hata jua likiwa kali. Madam alinipa kioo chake cha kukuzia. Nikaona kijidudu, sijui ndiye usubi, amenasa kwenye umande, miguu bado inacheza. Nilikwenda chuoni kusoma Kurani na niliporudi jani lilikuwa limejikunja juu yake, na miguu imetulia. Sikuliona likijikunja. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba halikuwa na haraka. Madam alikuwa amefurahi hata machozi yanamlengalenga. "Hawa ni watoto wangu," akasema. "Wakikua watakula vikubwa."

Sasa niwaambie jambo la nyumbani kwetu. Baada yangu Mama alikuwa amezaa watoto wawili, na wote wawili hawakufika arobaini. Sikuona walivyokufa. Niliamka nikakuta wanawake wamekaa chini, na wanaume wametoka na kitu kidogo kilichofunikwa kanga. Kila nilipouliza mtoto yuko wapi, shangazi yangu Bi Mariamu, dada yake Baba, alinijibu neno lile lile: "Mwenyewe katwaa chake." Watu wazima walijua Mwenyewe ni nani. Mimi sikujua. Nilichokiokota ni kwamba kuna mwenye watoto wachanga, na kwamba akija hutwaa, na hakuna anayemzuia. Mama alipobeba mimba tena hakuna aliyenena kwa sauti. Hata nguo za mtoto hazikushonwa.

Alizaliwa wa kiume, mzima, ana sauti. Mama akaingia arobaini yake chumba cha ndani, na kila asubuhi mkunga alikuja kumwosha mtoto kwa maji ya vuguvugu. Siku ya kwanza alikuja pia nesi wa zahanati, mama wa bara, akaandika kwenye kitabu na kumwambia Mama kwamba mtoto mchanga asipewe maji wala chochote ila ziwa. Mchanga. Sikuwa nimelisikia neno hilo. Nikamuuliza Mama mchanga ni nini, naye akanionyesha kwa kidevu: mchanga ni kama huyu.

Hapa ndipo mtakapocheka, basi chekeni mapema. Kwetu ule unaoukanyaga pwani ni mtanga. Gati letu ni Mtangawanda, na sijamsikia mtu akiita Mchangawanda. Mwalimu wangu wa darasa alikuwa Mpate kama mimi na alisema mtanga. Kwa hiyo mimi nilikuwa na neno moja la kilichoko pwani, na neno jingine jipya kabisa, la nesi, la kitu kilicholala kifuani mwa Mama.

Jioni ya siku hiyo hiyo Madam alikuwa amekaa ngazini mwa chumba chake, anazungumza kwa simu na mwalimu mwenzake. Alikuwa ametoka kumtazama mtoto. Alimletea Mama sukari na sabuni, akampakata mdogo wangu, akamnusa utosini, akafumba macho. Wanawake walikuwa wamekwisha kusema, si mbele yake, kwamba maskini Mwalimu hana mtoto. Nami nilikuwa nyuma ya mtungi nachezea maji, nikasikia kila neno.

"Watoto wangu wamekua, mkebe umewabana," alisema. "Lazima niwahamishe, na bila mchanga hawatapona." Akasikiliza. "Wa hapa upo, lakini una chumvi. Itabidi tu. Nitauosha kila siku, mara saba, chumvi itoke. Halafu nitawapa."

Mtasema mbona hukusikia ngeli, Esha, wewe msahihishaji. Niliisikia. Nilisikia "una chumvi", nikasikia "nitauosha". Angesema mtu mwingine ningejua hazungumzii mtu. Lakini huyu ndiye aliyesema "mtoto hii". Nilimrekebishia kichwani mwangu, kama kawaida yangu, nikapata maana kamili. Niliondoka pale nikaingia kwa Mama, nikainama nikamlamba mdogo wangu shavuni. Kweli alikuwa na chumvi.

Nilijaribu kusema. Msinilaumu kwa hilo. Nilingoja shangazi atoke, nikakaa karibu na Mama aliyekuwa amelala ubavu akinyonyesha.

"Mama, Mwalimu yuataka mchanga."

Hata macho hakufumbua. "Na atwae," akasema. "Nani alomkataza?"

Baadaye sana aliniambia alidhani ninajionyesha kwa Kiswahili cha shuleni, na kwamba Mwalimu anaona haya kuteka mtanga bila ruhusa. Lakini siku ile nilisikia neno moja tu, twaa, neno la yule Mwenyewe. Nilitoka nikakaa uani. Mama ameridhia. Baba yuko Amu. Basi aliyebaki ni mimi.

Siku zile nilizihesabu kwa vidole. Kila mkunga alipomwosha nilihesabu moja, na kila alipokwisha ondoka nilichota chumvi jikoni, nikampaka mdogo wangu nyayoni na nyuma ya masikio, ili aliyoitoa mkunga irudi. Chumvi ingewaua, Madam alisema mwenyewe. Usiku nililala na mguu wangu juu ya kitanda cha Mama, nikisikiliza upande wa uani. Mara nyingine nilimsikia Madam akifungua mlango wake, akivuta ndoo, akifunga, na jasho lilinitoka hata kanga ikalowa. Mchana alinisalimu kama kawaida nami nikakimbia. Aliniuliza, "Esha, nimekukosea nini?" Siku ya sita mkunga aliona mtoto ana vipele, akakuta chembe za chumvi kwenye leso, akafoka hata shangazi akaenda kuuweka mtungi wa chumvi juu ya kabati nisikofika.

Siku ya saba ilikuwa akika. Mbuzi walichinjwa alfajiri, Baba alikuja, mtoto akanyolewa nywele na kuitwa Bakari, na shangazi akampaka asali midomoni. Nyumba ilijaa watu na moshi wa pilau. Nilipopita uani nilimkuta Madam amesimama mlangoni pake na beseni tupu mkononi, amevaa dera jipya.

"Leo ya saba, hatimaye," akaniambia, na alikuwa anatabasamu.

Adhuhuri wanaume walikwenda msikitini. Wanawake walikuwa jikoni, Mama ameingia kuoga, na Bakari amelala peke yake chumba cha ndani. Nilimtia katika kikapu cha ukindu tulichowekea mikate, nikamfunika kwa kanga, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Hakuna aliyeniuliza kitu. Msichana aliyebeba kikapu siku ya karamu, nani atamuuliza? Alikuwa mzito kuliko nilivyofikiri, na kila hatua kikapu kilinigonga goti, nami nikapita vichochoro nikinong'ona Kulhuwallahu nusu nusu, kwa sababu nilikuwa nimesahau mwisho wake.

Nje ya mji, katikati ya tumbaku, kuna gofu moja lililobaki kuta tatu, na ndani umeota mdimu. Hapo tulikuwa tukicheza harusi. Nilikiweka kikapu chini ya mdimu, kivulini, nikakaa. Mpango wangu ulikuwa tukae mpaka wale watoto wa Madam wafe njaa. Sikujua ni siku ngapi. Halafu Bakari akaamka, akalia, akageuza kichwa kutafuta ziwa, akalishika vazi langu kwa mdomo akanyonya kitambaa, na hapo nikafahamu kwamba mimi sina kitu cha kumpa. Nililia pamoja naye kidogo. Kisha nikaamua kurudi kwa siri nimnong'oneze Mama. Nilimwacha pale. Nilimwambia asilie.

Nyumbani palikuwa pamechafuka. Mama alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, nywele zinachuruzika maji, leso amejifunga vibaya, anasema "mwanangu, mwanangu" bila kupumua. Wanawake walikuwa wanapekua mpaka ndani ya masufuria. Shangazi akanikamata bega.

"Njoo hapa. Mwana yu wapi? Wewe ndiwe uliokuwako."

Nilifungua kinywa, na juu ya bega la shangazi nikamwona Madam. Alikuwa mlangoni mwa ukumbi, ameshika lile beseni. Nikafumba kinywa. Walinitikisa, wakanibembeleza, mmoja akanipiga kofi, Mama akapiga magoti mbele yangu akanishika uso kwa mikono yote miwili. Na huko nje jua lilikuwa linasogea, jambo ambalo sikulifikiria hata mara moja. Nilikuwa namtazama Madam tu. Akasogea, akachutama pembeni ya Mama, akaniuliza taratibu kama anavyoniuliza hesabu, mtoto yuko wapi.

Nikapiga kelele. "Mchanga ni wetu. Si wa kuwapa wale. Si wa kuliwa."

Wanawake wakamgeukia Madam wote kwa pamoja, na shangazi, ambaye juzi yake tu alikuwa akila mezani pake, akarudi nyuma hatua moja na kuvuta ushungi wake. Kuna mmoja aliyeanza kusoma Ayatul Kursi. Madam alikuwa peke yake pale, mtu wa bara, nyumba imejaa, mtoto hayupo, na mkono wa Mama ukiwa umekwisha kumshika dera kifuani. Nimeukumbuka uso ule miaka yote. Naamini alielewa saa hiyo hiyo. Alikuwa mwepesi wa akili, na lile beseni alikuwa nalo mkononi. Angeweza kujitetea kwa sentensi moja. Lakini alinitazama mimi, akaona nisivyoweza hata kupumua yeye akiwapo, akalitua beseni chini.

"Nifungieni," akamwambia Mama. "Chumbani kwangu, kwa nje. Ufunguo mpeni Esha mwenyewe. Nikiwa ndani atasema."

Alitembea mwenyewe. Alipita uani, akaingia, akavuta mlango. Shangazi akapachika kufuli, akafunga, na Mama akanitia ufunguo kiganjani akakunja vidole vyangu juu yake.

"Hatoki ila umfungulie wewe," akasema. "Sasa nena, mwanangu."

Nikanena. Gofu la mdimu. Mama alikimbia kama alivyo, bila viatu, siku ya saba ya uzazi wake, na wanawake wote nyuma yake. Hakuna aliyenikumbuka. Nilibaki uani peke yangu na ule mlango.

Haukupita muda mrefu nikasikia mbali mtu akipaza sauti, "Kapatikana, kapatikana," kisha sauti ya Mama ikipiga ukemi mmoja ambao mpaka leo sitaki kuufananisha na kitu. Baadaye niliambiwa walichokikuta. Kivuli kilikuwa kimehama. Na ule mdimu ulikuwa na majimoto, wale siafu wekundu wanaoshona majani kuwa nyumba, nasi hatukuwahi kuwajali kwa sababu tulikuwa tukiwakimbia. Bakari hakuweza kukimbia. Asali ya midomoni ndiyo iliyowaita. Walikuwa wamemjaa mdomoni, puani na machoni, na sauti yake ilikuwa imekwisha. Katika siku zote zile nilizokesha, kitu pekee kilichotaka kumla mdogo wangu nilimpelekea mimi, kwa mikono yangu, ndani ya kikapu. Walimchukua mbio mpaka zahanati bila kupita nyumbani.

Mimi niliijua nusu tu ya hayo. Nilijua amepatikana. Nilikaa kwenye kigogo cha kuparuria nazi, nimeukabili mlango, ufunguo umeniuma kiganjani. Nao mlango ukasema.

"Esha. Nimesikia kelele. Amepatikana?"

Sikumjibu. Nilimwona chini ya ubao, kivuli cha miguu yake miwili, haitikisiki.

"Esha, najua uko hapo. Usinifungulie. Niambie tu, amepatikana?"

Nilivuta miguu yangu juu ya kigogo. Nilihisi kwamba nikitoa sauti itapita chini ya mlango na kumfikia, na kwamba akiipata atajua njia ya kunitwaa na mimi. Aliuliza tena baada ya kitambo, na tena. Kisha akaacha kuuliza hivyo, akaanza kuuliza kama ni mzima. Kisha kivuli kikashuka, nikajua amekaa chini, amegemeza mgongo mlangoni, na nikamsikia akisema na Mungu wake kwa lugha yao, polepole, jina la Bakari likitokea katikati. Alikuwa amelisikia asubuhi ile ile. Aliendelea hivyo tangu adhuhuri mpaka mwadhini akaadhini alasiri, nami sikusema neno.

Mama alirudi na Bakari kifuani, amefunikwa dawa nyeupe, macho yamevimba yamefunga, lakini ananyonya. Alinifungua vidole kimoja kimoja, akatwaa ufunguo, akafungua. Madam alisimama kwa shida. Nyuma yake, chini ya dirisha, palikuwa na ndoo mbili za mtanga mweupe wa pwani, msafi, bado unachuruzika. Mama aliutazama. Akauliza ni wa nini, na Madam akajibu kwa sauti iliyokauka kwamba ni mchanga, aliuosha kwa ajili ya mimea yake. Mama alikaa kizingitini palepale, akacheka, kisha kicheko kikageuka kingine. Alipoweza kusimama alimwinua Bakari amtie Madam mikononi, mbele ya wanawake wote, iwe ndiyo kumtaka radhi.

Madam akarudisha mikono nyuma. "Hapana, mama Esha," akasema, macho yake kwangu. "Anatazama."

Hakumpakata tena. Wiki hiyo hiyo alihamia nyumba nyingine, ili mtoto apate kulala, alisema, na mtoto huyo nilikuwa mimi. Mimea yake aliihamishia kwenye ule mchanga na yote ikafa, mmoja mmoja. Mchanga wetu ni maganda ya bahari yaliyosagika. Hata uuoshe mara sabini hauwi wa mtoni. Muhula ulipokwisha akapanda mashua, na gunia lake hakulibeba. Mtaani walinitania miaka mingi kwa neno lile, na nilipokua nikajifunza kulisimulia kwa vichekesho, nikikomea pale penye ndoo mbili. Watu hucheka sana hapo.

Bakari sasa ana duka la simu Amu na mabinti wawili, na alama tatu ndogo kwenye kope la kushoto. Ameniuliza mara moja tu jinsi ilivyokuwa. Nilimwambia yote isipokuwa hii ya kigogo na mlango, kwa sababu katika mengine yote nilikuwa mtoto na nilikosea neno. Hii sikukosea neno. Nilikuwa na jibu na nikalishika. Madam Naliaka sijui aliko, wala kama bado yu hai, na nimewauliza walimu wengi. Nikimpata sitaanza kwa kuomba msamaha. Nitaanza na alichoniuliza. Amepatikana, Madam. Ni mzima.